Kutathmini athari za tabianchi katika mji unaokua haraka: alama za kata zinatosha?

mpangaji_miji: Wakuu, salaam. Tunatathmini nani ataumia zaidi na mafuriko na joto kali katika mji mdogo unaopanuka kwa kasi. Sensa imepitwa na wakati na kituo cha hali ya hewa kiko mbali. Nikikusanya viashiria vya kila kata nikavijumlisha kuwa alama moja, inatosha?

mpima_ramani: Haitoshi. Kata moja ina nyumba za kilimani na vibanda vya bondeni. Ukichukua wastani, wa bondeni wanapotea. Gawa mji kwa miraba ya mita 100. Picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10, zipo tangu 2015: linganisha za mwanzo na za sasa uone ujenzi unaelekea wapi, maana tathmini ya eneo la leo tu itachakaa kabla haijachapishwa. Mapaa yachore kutoka picha kali zaidi, kisha zidisha idadi yake kwa wastani wa watu uliouhesabu kwenye nyumba za sampuli.

Usiamini SRTM, ramani ya kimo cha ardhi iliyopimwa kwa rada kutoka angani, kwa mafuriko ya tambarare. Ilipimwa Februari 2000, kosa lake la kimo ni mita kadhaa, na mara nyingi inasoma vilele vya miti na mapaa badala ya ardhi. Mtaro wa kina cha mita moja haumo kabisa! Alama za maji kwenye kuta zina thamani zaidi: pima kutoka ardhini hadi kwenye alama, chukua GPS, uliza mwaka kwa majirani wawili, kila mmoja peke yake. Kila kalvati ipime upana na kimo, uandike na kiasi kilichozibwa na mchanga au taka.

mvua_na_joto: Naongezea. Data za CHIRPS, makadirio ya mvua yanayochanganya setilaiti na vituo, zinaanzia 1981, kila kisanduku kama kilomita 5. Zinafaa kwa jumla ya msimu. Mvua ya saa moja inayofurisha mitaro hazionyeshi. Weka vipimamvua mapema. Joto la setilaiti nalo ni la uso wa bati, si la hewa ya chumbani. Tundika vipimajoto ndani, na usome hasa vipimo vya usiku.

mpangaji_miji: Asanteni. Na uzito wa viashiria?

mpima_ramani: Kwanza, usijumlishe. Ripoti ya 2014 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inatenganisha tishio, watu na mali vilivyo kwenye njia yake, na udhaifu wao. Ukijumlisha, mraba usio na mtu unaweza kupata alama kubwa kwa sababu tu unafurika. Ukizidisha, unatoka sifuri. Kisha badilisha kila uzito kwa asilimia 20, juu na chini. Miraba inayobaki juu kila mara ndiyo ya kuanzia kazi. Inayopanda na kushuka, rudi ukaikague kwa miguu.