Mdogo wangu anachanganya kiima kwenye Kiingereza, naombeni mbinu

DadaWaTabata: Habari za jioni wakuu. Naishi na mdogo wangu wa kidato cha pili, mwaka huu ana mtihani wa taifa. Msamiati anao. Shida, akiambiwa ataje kiima anachukua nomino yoyote iliyo jirani na kitenzi. Kwenye "The basket of oranges has fallen" amesema kiima ni "oranges", kisha akaigeuza "has" kuwa "have". Akikutana na "it" ndiyo kabisa, anabahatisha tu. Hela ya tuisheni kwa sasa hakuna. Nianzie wapi?

TichaKigamboni: Dada, mrudishe kwenye Kiswahili. Amesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, ngeli anazo hata kama hawezi kuzitaja. Mwambie aseme sentensi hiyohiyo: "Kikapu cha machungwa kimeanguka." Hawezi kusema "yameanguka", sikio litamkatalia. Hiyo "ki-" ya kwenye kitenzi inamwonyesha kiima ni kikapu. Kisha arudi kwenye Kiingereza, afunike kwa kidole kuanzia "of" mpaka kabla ya kitenzi. Inabaki "The basket has fallen". Wiki nzima afanye hivyo tu, sarufi nyingine isubiri.

Mzee wa Buguruni: Naunga mkono, ila kidole kina mipaka. "A lot of oranges have fallen" ukifunika utapotea. Kwa "a lot of", "some of" na "all of", kitenzi kinafuata nomino ya nyuma: "some of the water has", "some of the oranges have". Hizo azikariri.

DadaWaTabata: Asanteni sana. Na "it" je?

TichaKigamboni: Hapo ndipo wengi wanaumia, na si wazembe. Chukua "Lori liligonga ukuta ukabomoka". Kwetu "u-" imeshamaliza kesi. Kiingereza kinasema "The lorry hit the wall and it collapsed", na "it" inaweza kushika lori au ukuta. Ajiulize kipi kati ya hivyo hubomoka, asikimbilie nomino ya karibu. Akiandika mwenyewe arudie jina: "and the wall collapsed". Kwa watu ni kinyume: "a-" yetu haichagui mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo watoto wanaandika "he" kwa mama. Kila "he" na "she" achore mshale kwa penseli kurudi kwa mwenyewe. Mshale ukikosa pa kwenda, sentensi ina kasoro.

Binti Mbagala: Na zipo zisizo na jibu moja. "Neema told Asha that she had passed": nani kafaulu? Asiadhibiwe kwa hilo.

DadaWaTabata: Mishale tunaanza leo. La mwisho, kwenye "There are two shops near the bus stand" anasema kiima ni "there".

Mzee wa Buguruni: Hapana, "there" imeshika nafasi tu. Kiima kiko baada ya kitenzi: "two shops", ndiyo maana ni "are". Likiwa duka moja: "There is a shop".