Baba yake yuko misheni, mtoto hataki tena kuongea naye kwenye simu

Mama Ibra
Habari zenu wadau. Mume wangu ni askari wa JWTZ, yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mtoto wetu yuko darasa la pili. Mwanzoni alikuwa mchangamfu, akipokea simu yeye kabla yangu. Kisha shuleni mwenzake akamwambia askari wa huko wanauawa. Tangu hapo anakojoa kitandani, na baba akipiga anakimbilia chumbani. Baba anaumia, anaona amesahaulika. Mama mkwe anasema mtoto anadeka. Nimlazimishe kushika simu? Na akiuliza kama baba atakufa, nimjibu nini?

Dada Zai
Usimlazimishe, mdogo wangu. Wangu alifanya hivyohivyo baba yao alipokuwa Darfur. Mwambie shemeji arekodi sauti fupi WhatsApp, Ibra asikilize atakapotaka, hata mara kumi. Na msimwahidi mtoto saa ya simu. Huko wako nyuma yetu kwa saa mbili, halafu kuna doria, kuna siku hakuna mtandao kabisa. Mtoto aliyeahidiwa saa moja jioni, hadi saa tatu bado kakaa mlangoni.

MtotoWaKota
Shikamoo mama Ibra. Mimi nimekulia kota. Desemba 2017 baba alikuwa Kongo, upande wa Beni, kambi ya Semuliki iliposhambuliwa. Majeneza 14 ya askari wetu yaliletwa Dar es Salaam. Nilikuwa kidato cha kwanza. Kila tulipoingia sebuleni watu wazima walinyamaza na redio ikazimwa, wakati sisi watoto tulishaambiana yote bombani. Baba alikuwa mzima, lakini mimi niliendelea kukosa usingizi, nasikiliza kila gari linaloingia kota usiku. Habari yenyewe ilikuwa nzito, ila kukaa nayo peke yangu ndiko kulikonimaliza.

Kwa hiyo Ibra ameshasikia. Muulize kasikia nini hasa, maana huenda alichojaza kichwani kinazidi alichoambiwa. Usimwapie kwamba baba hawezi kufa, atajua unamficha. Mwambie kazi ya baba ina hatari, ila kafundishwa, yuko na wenzake, na kuna daktari. Kisha mwambie: "Kukiwa na habari yoyote ya baba, mimi ndiye nitakayekuambia." Ukishasema hivyo, zima taarifa anapokuwepo, na zile video za vita zinazozunguka kwenye magrupu asizione.

Kuhusu kitanda, naomba bibi aelezwe kwa heshima asimseme mbele ya wajomba. Nililelewa na bibi pia, najua wanatupenda. Ila aibu inamziba mtoto mdomo. Na ikiendelea, au mkojo ukimuuma, mpeleke hospitali, kisije kikawa kitu kingine.

Mwl. wa Msingi
Mwambie mwalimu wa darasa lake. Nimefundisha shule ya jirani na kambi miaka mingi, na mara nyingi mzazi hutuambia baba yuko misheni pale tu mtoto akishapigana. Tukijua mapema tunamkalisha karibu, na siku ya wazazi hatumuulizi baba yuko wapi mbele ya darasa.

Mama Ibra
Asanteni sana. Nimemuuliza jana wakati wa kuoga. Alifikiri baba analala nje, porini, peke yake. Kumbe ndicho kilichokuwa kinamtisha! Nimemwomba baba yake atume picha ya anapolala.

Dada Zai
Vizuri. Picha iwe ya kitanda na neti tu, isionyeshe silaha wala ramani ya kambi, na usiiweke status. Shemeji anazijua hizo kanuni.

MtotoWaKota
Na jiandaeni na kurudi kwake, mama. Baba aliporudi tulimkuta mgeni, naye akaanza na amri siku ileile. Mdogo wangu alihamia kwa jirani mchana kutwa. Shemeji akirudi, nidhamu iendelee kwako kwanza. Yeye ampeleke Ibra shule na kumfuata, wazoeane njiani.