U-Boot kufuta bodi za zamani ili kusafisha msimbo: ni sawa au wanatuonea?

Mleta mada:
Wakuu habari za muda huu. Hili jambo linanikereketa muda sasa nimeona nilete tulijadili. Kwa wasioijua, U-Boot ndo ile butiloda inayoamka kwanza ukiwasha ruta au bodi kama BeagleBone, inaandaa memori, inatafuta kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ilipo, inaipakia halafu inaiachia kazi. Ni mradi huria, ulianza kwa jina la PPCBoot, mwaka 2002 ukaitwa U-Boot, na marehemu Wolfgang Denk ndo aliulea tangu ukiwa mchanga.

Sasa tangu 2014 wako kwenye usafi mkubwa. Zamani kila bodi ilikuwa na heda yake (faili la mipangilio ya msimbo) ndani ya include/configs imejaa mistari ya #define, kila mtu anaandika anavyojua. Wakaanza kuhamishia kila kitu Kconfig, ule mfumo mmoja wa kuchagua mipangilio, kama kwenye Linux, na draiva nazo zifuate utaratibu mmoja. Bodi ambayo haijahamishwa inapewa toleo la mwisho, likipita msimbo wake waweza kufutwa kwenye mradi. Kwa draiva za MMC (za kadi za kumbukumbu) mwisho uliwekwa v2019.04 na ukikompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, ulikuwa unapewa onyo hapo hapo kwenye skrini. Wako wanaosema huu ni uonevu kwa wenye vifaa vya zamani. Mimi nasema wako sahihi kabisa na walichelewa.

Nina sababu. Kipindi hicho cha heda niliwahi kukosea herufi moja tu kwenye jina la CONFIG. Kompaila haikusema kitu, maana #ifdef ikikutana na jina isilolijua inaruka tu kile kipande inaendelea, kwa hiyo nikapata faili safi, nikaliweka kwenye kadi, nikachomeka waya wa siriali wa kusomea ujumbe wa bodi, zile nyuzi tatu, kasi 115200, nikawasha. Kimya. Nikadhani waya mbovu nikabadilisha waya, nikadhani kadi nikabadilisha kadi, siku mbili nzima. Bodi mpya zilikuwa zinaanza kwa kunakili heda ya jirani, kosa la mmoja linarithiwa na wote. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu hapo umeipamba sana Kconfig. Ukikosea jina ndani ya defconfig, faili la mipangilio ya bodi kwenye Kconfig, nayo inalitupa kimya kimya vile vile, yalinikuta. Halafu huu utaratibu mpya wa draiva unanenepesha msimbo. Kwenye chipu ya Allwinner A10 kile kipande cha kwanza, SPL, hakitakiwi kuzidi kilobaiti 32 maana ndo kiasi ambacho chipu yenyewe inasoma kabla memori kubwa haijaamka. Mtu anakwambia ongeza utaratibu mzuri, utauweka wapi?

Mleta mada:
La defconfig ni kweli kiongozi, nalipokea. Ila tofauti ipo, sasa hivi nafungua .config, faili la mipangilio iliyokubaliwa, natafuta lile jina, lisipokuwepo najua tatizo liko wapi, dakika moja. Kwenye heda ningetafuta wapi wakati jina lenyewe liko pale pale linanitazama, limekosewa tu? Na Kconfig inajua kitu gani kinamtegemea nani, ukizima mama na watoto wanazimika.

La ukubwa ni gumu kweli. Ndo maana 2021 wakaleta LTO kwenye ARM, kompaila inaangalia programu nzima kwa pamoja wakati wa kuunganisha, visivyotumika vinatupwa. Haimalizi kila tatizo ila imeokoa bodi nyingi zilizokuwa zimebana.

Mchangiaji wa pili:
Mimi shida yangu sio kilobaiti, ni usalama. 2019 yalitangazwa matundu 13 ya usalama kwenye sehemu ya mtandao na NFS (njia ya kuchukua faili mtandaoni) ya U-Boot, mengine yanamruhusu mtu wa mtandao huo huo kuendesha msimbo wake kwenye kifaa chako. Marekebisho yalitoka. Sasa bodi iliyofutwa kabla ya hapo inayapataje? Huku kwetu ruta inatumika mpaka ife, hatubadilishi kila baada ya miaka miwili. Ukiifuta bodi kwenye mradi unamwacha mwenye kifaa na toleo bovu maisha yake yote.

Mleta mada:
Hili ndo limenigusa na sitalizunguka. Ila jiulize, hiyo bodi iliyobaki kwenye mti wa msimbo bila mtu wa kuipima, nani alikuwa anaiwasha kuona kama toleo jipya linaamka? Mradi unakompaili bodi zaidi ya elfu moja, kukompaili sio kuwaka. Unampa mtu toleo jipya lenye marekebisho, analichoma, kifaa kinakuwa tofali. Bora aambiwe ukweli kwamba bodi yake haina mtu.

Wa kulaumiwa kwangu ni watengenezaji wa vifaa. Wanachukua U-Boot ya mwaka fulani, wanaijaza mambo yao, hawarudishi kiraka (rekebisho la msimbo) hata kimoja kwenye mradi, halafu mzigo wote unawaangukia watu wachache wanaojitolea. Hao wachache wakisema tunapunguza, tunawaita waonevu.

Mchangiaji wa pili:
Kwenye watengenezaji tuko pamoja. Lakini onyo linaloonekana kwa anayekompaili tu halimfikii mwenye ruta, bado nasimama hapo.

Mleta mada:
Sawa mkuu, hapo una haki yako, simu na ruta havimwambii mtu kitu. Ila bodi iliyofutwa haijapotea, historia yote iko kwenye Git, hazina inayotunza mabadiliko ya msimbo, unarudisha lile badiliko lililoifuta, unaihamishia Kconfig na draiva mpya, unaandika jina lako kwenye faili la MAINTAINERS lenye majina ya wasimamizi. Mimi nina bodi moja ya PowerPC (aina ya chipu) kabatini iliyofutwa hivyo, nimeanza nayo wiki hii, siriali inaongea ila MMC bado. Kuna mwenye bodi ya namna hiyo na nafasi ya kunipimia?