Naomba ushauri: kikundi cha maombi cha madhehebu tofauti

Bwana asifiwe wapendwa, mi nipo Bagamoyo, nimelelewa KKKT (Kilutheri) ila mume wangu Mkatoliki na jirani zetu ni walokole, sasa huwa tunakutana jioni kwetu kusali na tukaona tuwe tunawaombea na Wakristo wanaoteswa huko Nigeria, Misri na kwingine. Balaa likaanzia hapo. Nilipowataja wale 21 waliouawa na ISIS kule Libya mwaka 2015, 20 Wakopti (Wakristo wa kanisa la kale la Misri) na mmoja wa Ghana, dada mmoja akasema hao hawajaokoka, tuombee tu ndugu zao waokoke. Jamani! Mtu kafa analitaja jina la Yesu, unampima na nini tena? Mbona Papa Francis aliwaweka kwenye orodha ya mashahidi 2023 na hawakuwa Wakatoliki, na kule Namugongo, Uganda, walichomwa Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Kingine, kuna kaka anarusha video za mauaji kwenye grupu la WhatsApp na maneno makali juu ya Waislamu, na mwenye nyumba wetu ni bi mkubwa wa Kiislamu anayetushikia watoto tukienda ibadani, sitaki asikie sala ya namna hiyo ukutani kwake.

Waliowahi kuendesha kikundi cha mchanganyiko hivi mlifanyaje, mlimhusisha padri na mchungaji tangu mwanzo au mlienda kimya kimya? Na huyu kaka nimwambieje bila kumpoteza?