Mjadala: Mafunzo ya likizo vyuoni Bagamoyo yafuate kalenda ya nani?

Mtoa hoja (mwalimu wa sekondari, Magomeni)

Ndugu zangu wa Bagamoyo, lipo pendekezo linalozungumzwa mjini kwamba vyuo vyetu viendeshe kila mwaka, katika miezi ya Julai na Agosti, mafunzo mafupi yatakayowaweka pamoja wataalamu walio kazini na vijana, kwa mfano wa yale yanayotolewa na vyuo vya Marekani na Ulaya wakati wa majira yao ya joto. Lengo hilo naliunga mkono kwa dhati, kwa kuwa si kila mji mdogo wa pwani uliojaliwa kuwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, pamoja na chuo cha uvuvi pale Mbegani. Ninachokipinga ni miezi iliyochaguliwa.

Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa tena mwanzoni mwa Julai. Mafunzo yakianza Julai, mwanafunzi atakuwa darasani, na mwalimu wake, ambaye ni miongoni mwa wataalamu wa kwanza wanaopaswa kufikiriwa, atakuwa darasani pamoja naye. Mwenye nafasi atakuwa mgeni ambaye chuo chake huko Ulaya kimefungwa. Wageni tumewapokea katika pwani hii tangu enzi za mji wa kale wa Kaole, na tutaendelea kuwapokea, lakini haiwezekani programu itangazwe kwa jina la vijana wa Bagamoyo huku ikipangwa katika miezi ambayo vijana hao hawana ruhusa ya kutoka shuleni.

Hata wenye utaratibu huu waliuanzisha kwa kuangalia nafasi ya watu wao. Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanza masomo ya majira ya joto mwaka 1871, walimu wa shule walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo, na mwaka 1874 mkusanyiko wa Chautauqua, katika jimbo la New York, ulianzishwa kwa ajili ya kuwafunza walimu wa shule za Jumapili. Kilichowaongoza ni likizo ya watu waliohitaji kufundishwa, nasi tunapaswa kuongozwa na jambo hilo hilo.

Likizo ndefu ya kijana wa Kitanzania haiko Julai. Anayefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba husubiri matokeo hadi Januari, na akichaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai, yaani baada ya miezi saba au zaidi bila mwalimu wala ratiba. Watoto wa wenye uwezo hupelekwa Dar es Salaam kusoma kompyuta na Kiingereza. Wengine hukabidhiwa pikipiki ya mtu na kutakiwa kuleta hesabu kila jioni, na wasichana wengi hutafutiwa kazi za ndani mijini. Nimewafundisha wanafunzi waliofaulu vizuri, na Julai ilipofika hawakuripoti kwa sababu walikwisha kuzoea kipato au walikwisha kuolewa. Jambo hili linaniuma kuliko matokeo mabaya ya mtihani.

Baadhi ya wanaotetea Julai wameutaja utafiti wa Karl Alexander na Doris Entwisle, ulioanza kuwafuatilia watoto wa mji wa Baltimore, Marekani, mwaka 1982 na kuonyesha kwamba pengo baina ya watoto wa maskini na wa wenye nafasi hupanuka zaidi shule zikiwa zimefungwa. Watafiti waliofuata wametilia shaka vipimo vyake. Lakini hata tukiukubali wote, utafiti huo unazungumzia likizo yao ndefu, na likizo yetu ndefu ni ile inayoanza Novemba. Napendekeza mafunzo yawe Januari hadi Machi.

Mwongoza watalii, Kaole

Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako kuhusu kidato cha nne siipingi, ila naona umeviacha vyuo nje ya hesabu. Januari hadi Machi madarasa na mabweni yao yana wanachuo. Nafasi hupatikana katikati ya mwaka, baada ya mwaka wao wa masomo kumalizika. Pili, mgeni anayekuja kujifunza ngoma, marimba au zeze hulipa ada inayotosha kumlipa mkufunzi, na bila ada hiyo sijui mkufunzi atalipwa na nani. Tatu, wapo wataalamu wasiofuata kalenda ya shule. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni, vyombo vidogo hukaa ufukweni siku nyingi, na mvuvi anayetaka kujifunza kutengeneza injini au kuhifadhi samaki hupata muda wakati huo. Ukimwita wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, hatakuja.

Mzazi, Nianjema

Mimi nina binti aliyemaliza kidato cha nne. Nikiambiwa kuna mafunzo, nitauliza ada ni kiasi gani, na cheti chake kitapokelewa wapi. Naomba haya yajibiwe kwanza.

Mtoa hoja

Marahaba, ndugu yangu wa Kaole. Kuhusu wavuvi umesema kweli, na mafunzo yao yabaki wakati wa kusi. Kuhusu mabweni, kijana wa Magomeni au Nianjema halali chuoni. Anahitaji darasa baada ya saa kumi jioni na siku ya Jumamosi, wakati ambao vyumba vingi huwa vitupu hata wanachuo wakiwapo. Mwalimu aliye kazini naye ana nafasi saa hizo hizo, na ndipo wanapoweza kukaa pamoja: fundi wa kurekodi sauti na kijana anayetaka kujifunza, mkulima wa mwani wa Mlingotini na binti anayetaka kujua hesabu za biashara, wewe mwenyewe na wale watakaoongoza wageni baada yako. Wageni wa Julai waje, walipe ada kamili, na sehemu ya ada hiyo itengwe kwa maandishi kulipia nafasi za vijana wa Januari. Waajiri nao wawalipie watumishi wao.

Dada yangu wa Nianjema, cheti cha mafunzo ya wiki chache ni cha ushiriki tu, na chuo kinapaswa kumwambia mzazi hivyo kabla hajatoa shilingi moja. Kozi inayotaka kumpa kijana sifa ya kuendelea na masomo ni lazima itambuliwe na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Ada siwezi kuitaja mimi. Naomba wahusika wa vyuo wanaofuatilia mjadala huu waeleze ni nafasi ngapi watazitenga kwa vijana wa wilaya hii bila ada, na waeleze kabla ya mitihani ya Novemba, ili sisi walimu tuwaandikishe wanafunzi hawajatawanyika.