Naomba ushauri: bibi hataki kamera, nami nimeitwa kazi Nairobi

BintiLangoni
Assalaam alaykum. Napiga video za harusi hapa Amu (Lamu), upande wa wanawake, mwaka wa sita sasa. Riziki ipo, lakini ninachokitaka hasa ni kutengeneza filamu ya makala kuhusu Utendi wa Mwana Kupona, utenzi wa mawaidha alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwachie bintiye Mwana Hashima.

Jirani yetu, bibi wa miaka themanini na kitu, huuimba huku akishona kofia. Beti nyingi anazijua kwa ghaibu, na baadhi ya maneno yake sijayaona kitabuni. Hataki uso wake uonekane, na wanawe wamemuunga mkono.

Tena studio moja Nairobi imenipa kazi ya kuhariri matangazo, mshahara wa kila mwezi, nianze mwezi ujao. Nikienda nitajifunza mengi. Nikirudi, nitamkuta?

MzeeMkomani
Waalaykum salaam mwanangu. Usimshurutishe. Wala usidhani aliyekataa uso ameruhusu sauti. Kwa wazee wetu sauti nayo ina stara yake. Nenda baada ya alasiri, mikono mitupu, ukae naye. Ukiomba, omba kitu kimoja kimoja: sauti, mikono, jina. Wanawe nao waeleze itaonyeshwa wapi. Kuonyeshwa hapa Ngomeni, kwenye ngome ya Lamu, ni jambo moja, intaneti ni jambo jingine kabisa.

MhaririMalindi
Dada, nenda Nairobi. Nilikaa nyumbani nikingoja fedha za filamu, miaka ikapita.
Ila kabla hujaondoka mrekodi. Usinunue lenzi, nunua maikrofoni ya kubana kifuani. Nyumba za mawe zina mwangwi, kwa hiyo mkae chumba chenye magodoro na mapazia. Rekodi pia ukimya wa chumba chenyewe nusu dakika, utauhitaji kuziba viungo unapohariri. Na ukiwa Nairobi wabishie hodi Docubox, wanafadhili filamu za makala Afrika Mashariki. Dakika tano za bibi huyo zitakusemea kuliko barua.

MwalimuWaFasihi
Sikubaliani na Malindi. Matangazo yatakuwepo mwaka ujao, bibi ana themanini.

Hayo maneno yasiyofanana na kitabu ndiyo filamu yenyewe, usiyasahihishe! Tenzi zilinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa hapo hapo Lamu aliwanakilia wataalamu wa Kizungu, na miswada yake mingine iko chuo cha SOAS, London. Karatasi imehifadhiwa huko, koo iko huko kwenu, mtaa wa Langoni. Zisikilizwe pamoja.

Fika Siyu pia, kisiwani Pate, maana mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, ndiye aliyekuwa mtawala wa huko. Na wasichana wasiokubaliana na anayoyasema Mwana Kupona kuhusu mume, wape nafasi waseme. Utendi wa mama kwa binti lazima binti naye asikike.

BintiLangoni
Ahsanteni sana. Nimekwenda siku nne mfululizo bila kamera. Jana aliniuliza mwenyewe, "Kile chombo chako hukuja nacho?" Amekubali sauti na mikono. Uso hapana, jina hapana. Wanawe wamesema wataisikiliza wao kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, nami nimekubali.

Studio nimewaomba miezi miwili, bado hawajajibu. Kesho maji yakijaa tunapita mlango-bahari wa Mkanda kwenda Siyu.