Acheni kuharibu hata kile kidogo kilichobaki cha rock ya Uingereza ya miaka ya 60 kwenye runinga

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu na una hasira ndani yake, kwa hiyo asiyetaka kusoma apite kwa amani. Jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitoa.

Kuna mchezo mchafu umeota mizizi mtandaoni. Mtu anachukua picha za bendi ya Uingereza ikipiga kwenye runinga miaka ya 60, anaiondoa sauti ya siku ile, anabandika sauti ya santuri iliyorekodiwa studio, kisha anaandika kwa herufi kubwa kwamba hilo ni onyesho la laivu la mwaka 1965. Wengine hawaishii hapo. Wanaipitisha kwenye akili mnemba ili ipate rangi, nyuso za vijana wa watu zinatoka laini kama nta, na mpiga gitaa anapungukiwa vidole. Chini yake maoni yanamiminika: aah, zamani watu walipiga muziki wa kweli! Wanasifia ukweli wa kitu kilichoghushiwa. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia na tunashangilia.

Unayebisha, nenda katazame mwisho wa wimbo. Santuri nyingi za zama zile zinaishia kwa sauti kufifia polepole, kwa sababu fundi wa studio alikuwa anaishusha kwa mkono. Bendi iliyosimama mbele ya kamera haiwezi kufifia. Ni lazima wakubaliane pigo la mwisho, waangaliane, mpiga dramu apasue toazi, basi. Ukiona vijana wanaendelea kucheza huku sauti inayeyuka, ujue ni pleibeki. Kisha tazama gitaa lenyewe: je, lina waya? Tazama dramu: fimbo iko hewani na pigo umeshalisikia. Na sikiliza sauti ya pili ya mwimbaji. Kama anajiitikia mwenyewe na yuko peke yake kwenye maikrofoni, hapo hakuna laivu.

Najua kuna atakayeniambia kwamba pleibeki ilikuwepo tangu enzi hizohizo. Ni kweli, na ndiyo sababu nakasirika zaidi. Kipindi cha muziki wa vijana cha "Ready Steady Go!" kilipoanza tarehe 9 Agosti 1963, kikirushwa na Associated-Rediffusion kwenye ITV, mtandao wa runinga za biashara za Uingereza, wasanii walifungua midomo juu ya santuri zao. Studio ilikuwa ndogo, pale Kingsway, London, na vijana walicheza katikati ya kamera, wakati mwingine kamera inabidi iwasukume ipite. Ilipofika Aprili 1965 kipindi kikaachana na pleibeki, na mwaka huohuo kikahamia studio kubwa za Wembley. Yaani kuna watu walikaa kitako wakaamua kwamba kuanzia sasa mwanamuziki atapiga kwelikweli, akikosea na akosee. Leo mtu na kompyuta yake anachukua picha za baada ya uamuzi ule na kuzirudisha kwenye pleibeki. Unaelewa ubaya wake? Anafuta kile hasa walichokipigania.

Mimi nilikuwepo. Nilifika London mwaka 1965 kusoma, nikapanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, na sebuleni kulikuwa na runinga ya kukodi yenye kisanduku cha kutumbukizia sarafu. Sarafu ikiisha, skrini inazima, hata kama wimbo uko katikati. Ijumaa jioni tulikuwa tunachanga mapema ili tusikatishwe. Niliwaona The Who kwenye kipindi hicho: Pete Townshend analisogeza gitaa karibu na amplifaya mpaka linapiga yowe, Keith Moon nyuma yake anapiga dramu kana kwamba ana ugomvi nazo, na mama mwenye nyumba anapiga kelele kutoka jikoni tupunguze. Sauti ile haikufanana na santuri. Ilikuwa chafu, ya juu, ina makosa, na ilinitetemesha kifua. Niliinunua santuri baadaye nikaona ni wimbo mwingine kabisa.

Sasa nieleze kwa nini siwezi kuwaonyesha onyesho lile. Halipo. Lilifutwa.

Enzi zile vipindi vilirekodiwa kwenye kanda za video zenye upana wa inchi 2, na kanda moja ilikuwa ghali mno. Kipindi kikisharushwa, kanda inafutwa na kurekodiwa kitu kingine juu yake. Mikataba na vyama vya wanamuziki na waigizaji nayo ilibana marudio, kwa hiyo wakubwa wakaona hakuna faida ya kuweka kitu ambacho hawataruhusiwa kukirusha tena. Mambo waliyoyaona ni mazito yalinakiliwa kwenye filamu, kwa kamera iliyowekwa mbele ya skrini. Muziki wa vijana haukuhesabiwa kuwa mzito. BBC wenyewe hawakuwa na utaratibu kamili wa kuhifadhi kanda za vipindi mpaka mwaka 1978. Upande wa ITV, Associated-Rediffusion ilipoteza leseni yake na mwaka 1968 ikaunganishwa na kampuni nyingine ya runinga ya hukohuko, ABC, kuwa Thames, na katika hamahama za namna hiyo ndimo vitu vinamopotelea. Katika miaka mitatu na ushee ya "Ready Steady Go!", kuanzia Agosti 1963 hadi Desemba 1966, vipindi vilivyonusurika ni vichache vya kusikitisha.

"Top of the Pops", kipindi cha muziki cha BBC, ni msiba mwingine. Ilianza tarehe 1 Januari 1964 kwenye jengo lililokuwa kanisa, Dickenson Road, Manchester. Vipindi vizima vya miaka ya 60 vilivyobaki ni vya kuhesabika. The Beatles waliingia studio ya kipindi hicho mara moja tu kwa miguu yao, tarehe 16 Juni 1966. Walipiga pleibeki, sawa, lakini walikuwa The Beatles, bendi kubwa kuliko zote duniani wakati ule! Kanda ikafutwa. Kilichobaki ni vipande vifupi visivyo na sauti, ambavyo watazamaji walivipiga nyumbani kwa kamera ndogo za filamu wakiilenga runinga yao. Mtazamaji wa kawaida alijua thamani ya kile anachokiona kuliko shirika lililokirusha.

Mwaka 1969, usiku binadamu anatua mwezini, BBC waliwaita Pink Floyd wakapiga muziki wa papo kwa papo studio. Kanda hiyo nayo ilifutwa. Usiku ule! Sina la kuongeza hapo.

Na mtu asije kuniambia kwamba ndivyo dunia nzima ilivyokuwa. Wamarekani wanazo kanda za The Beatles kwenye kipindi cha runinga cha Ed Sullivan za tarehe 9 Februari 1964, na watu takriban milioni 73 walitazama. Wajerumani wa Radio Bremen walianza "Beat-Club" Septemba 1965 na wamekitunza karibu chote. Ingawa miaka ya mwanzo kulikuwa na pleibeki nyingi, kipo, unaweza kukiona. Ukitaka kuwaona Led Zeppelin wakiwa wapya kabisa, wakipiga nyimbo nne mbele ya vijana waliokaa sakafuni wakiwazunguka, unakwenda kwenye runinga ya Denmark, Machi 1969. Ukitaka kumwona mpiga gitaa David Gilmour akiwa ndiyo kwanza amejiunga na Pink Floyd, ni Ufaransa, Februari 1968. Bendi za Waingereza zinatunzwa na kila mtu isipokuwa Waingereza wenyewe. Inauma.

Ndiyo maana nasema kilichobaki kisichezewe. Chukueni mfano wa tarehe 4 Januari 1969, Jimi Hendrix kwenye kipindi cha BBC cha mwimbaji wa kike aitwaye Lulu, kikirushwa mubashara. Hendrix ni Mmarekani lakini bendi yake iliundwa London mwaka 1966, na Noel Redding na Mitch Mitchell ni Waingereza. Anaanza "Hey Joe" kwa kulilazimisha gitaa lipige mayowe, anacheka kidogo, anageuza kichwa kuangalia gitaa maana limepoteza tyuni. Anaimba kiasi, halafu anaukata wimbo katikati. Anatangaza kwamba wanaacha huu upuuzi na wanapiga wimbo kwa heshima ya bendi ya Cream, ambao walikuwa wamevunjika wiki chache kabla. Wanaingia "Sunshine of Your Love" bila kumwomba mtu ruhusa. Ratiba ya kipindi ilimtaka Lulu amalizie na wimbo pamoja naye. Muda ukaliwa wote, na Hendrix mwenyewe anasema wakiwa bado wanapiga kwamba wanakatwa hewani. Kanda hiyo ilinusurika. Sasa niambieni, ukiondoa sauti ya siku ile ukabandika santuri, kimebaki nini? Uasi wote uko ndani ya sauti. Lile gitaa lisilo na tyuni ndilo onyesho.

Kuna na hawa wa makala za runinga, ambao naona wamesamehewa mno. Wana kanda halisi mkononi, wana haki, wana pesa. Wimbo unaanza, unasogea kwenye kiti, sekunde chache baadaye anatokea mzee kwenye sofa anasema "ilikuwa enzi ya ajabu". Nilikuwepo, najua ilikuwa ya ajabu! Ninyamazishieni huyo bwana nisikie gitaa. Wakirudi kwenye wimbo umefika mwisho, na juu yake kuna sauti ya mtangazaji. Saa nzima ya makala na hakuna wimbo hata mmoja ulioonyeshwa wote. Dave Clark, yule wa Dave Clark Five, alizinunua haki za "Ready Steady Go!" na kanda zilizobaki, na miaka ya 80 mikusanyiko ikaonyeshwa Channel 4. Nilishukuru kuiona tena, nasema kweli. Lakini ilikuwa vipande vya siku tofauti vimeshonwa pamoja, huwezi kujua hiki ni cha mwezi gani, wala nani alipiga kabla yake. Kipindi kilikuwa na mtiririko wake wa Ijumaa moja, na mtiririko ule ndio sikuupata.

Mimi sasa niko nyumbani Unguja, na kila ninapofungua huduma fulani ya video ya huko Uingereza, naambiwa kipindi hakipatikani nchini nilipo. Kwa hiyo cha halali nimefungiwa, cha haramu kimeghushiwa. Nitazame nini?

Ombi langu kwa wanaopandisha video ni dogo. Kama kipande hakina sauti, kiacheni kimya na mseme hakina sauti. Kama ni pleibeki, andikeni pleibeki. Hakuna aibu, hata pleibeki ya 1964 ni kumbukumbu. Kama ni laivu, wekeni wimbo wote, rangi yake nyeusi na nyeupe, tarehe na jina la kipindi. Kelele za kanda ziacheni. Hakuna aliyewaomba mzisafishe.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Kijana mmoja kauliza, babu, haya ya Waingereza yanatuhusu nini sisi? Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Mwaka 1964 familia yake ilihamia Feltham, nje kidogo ya London, mwaka uleule "Top of the Pops" ilipoanza. Nyie mnamwita Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Runinga ya nchi aliyokulia ujanani ilikuwa hiyo ninayoieleza. Na hata asingekuwepo, muziki niliousikia kwa masikio yangu unanihusu.

Aliyesema akili mnemba "inaokoa" kanda: hapana. Kuna uokoaji wa kweli na ninauheshimu. Pink Floyd wakiwa na Syd Barrett, mwimbaji wao wa mwanzo, kwenye "Top of the Pops" ya Julai 1967, ile kanda iliyoharibika vibaya, mafundi waliifanyia kazi ikaonyeshwa London mwaka 2010 ikiwa na mikwaruzo yake yote. David Bowie akipiga "The Jean Genie" mwaka 1973 alionekana tena mwaka 2011 kwa sababu mpiga kamera, John Henshall, alijiwekea nakala kwa kuwa alijivunia lenzi aliyoitumia. Watu hao walirudisha kilichokuwepo. Programu inayobuni vidole na rangi ya shati inaweka kisichokuwepo, na mjukuu wako atakuja kuamini shati la Brian Jones wa Rolling Stones lilikuwa la zambarau.

Na wewe uliyesema una mkanda wa VHS wa mikusanyiko ile ya miaka ya 80, uliorekodi mwenyewe kutoka kwenye runinga ukiwa Portsmouth: tafadhali usiutupe, na usimpe mtu wa kuusafisha. Niandikie inbox. Nataka kujua kama The Who wamo, na kama wamo, ni wimbo gani na unaishaje.